MAILI 15,000 MBELE YA MASHAHIDI

Ndugu msomaji, kama umewahi kusafiri kwa basi kutoka bara kuja Dar es Salaam, basi huenda umewahi pia kukaa kando ya barabara usiku, juu ya sanduku lako, ukingoja. Mwandishi wa makala haya alikaa hivyo siku moja, si mbali na Chalinze, pamoja na abiria wapatao hamsini. Mama mmoja alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na mtoto alikuwa na homa. Dereva alikwisha kufunua boneti, utingo alikwisha kuingia uvunguni mwa gari na kutoka, na sote tulikuwa tumeusikia ule mlio: pigo moja zito, kama nyundo ndani ya pipa, kisha kimya.

"Kranki imekatika," alisema dereva, na hapo tukajua kwamba usiku huo hatufiki.

Mama yule na mtoto wake walichukuliwa na lori la mkaa lililopita baadaye. Sisi wengine tulibaki. Nilimwuliza utingo ni kitu gani hasa kilichokatika, naye akanijibu kwa adabu, "Kaka, ni moyo wa injini." Jibu zuri, lakini halikunitosha. Ndipo nilipoanza kusoma habari za moyo huo, na kusoma kwangu kukanifikisha nisikotazamia: mpaka Manchester, Uingereza, katika karakana ya mtu mmoja aliyekoseshwa usingizi na kranki zilizokatika zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Motokaa zake zilinunuliwa na wafalme na mabwanyenye, watu ambao hawakupata kulala juu ya sanduku kando ya barabara. Lakini ugonjwa ulikuwa ule ule, na namna alivyoutibu, na namna dawa yake ilivyojaribiwa hadharani, ni habari inayostahili kusimuliwa hata kwetu sisi tupandao basi.

KIJANA WA KINU

Frederick Henry Royce alizaliwa mwezi Machi 1863 katika kijiji cha Alwalton, karibu na mji wa Peterborough. Baba yake alikuwa msagaji wa nafaka, na kazi ya kinu haikumwendea vizuri. Alifariki mwaka 1872, Henry akiwa na umri wa miaka tisa. Mtoto huyo akauza magazeti, na baadaye akawa mpelekaji wa simu za maandishi nyumba kwa nyumba. Shule aliipata kwa vipande vipande. Aliyemwokoa ni shangazi yake, ambaye alikubali kumlipia Paundi 20 kwa mwaka ili awe mwanagenzi katika karakana ya reli ya Great Northern mjini Peterborough. Huko alijifunza kushika tupa na kusimama mbele ya kereza. Baada ya miaka mitatu hivi fedha za shangazi zikaisha, na uanagenzi ukakatika katikati.

Kwa hiyo mtu ambaye jina lake baadaye lilikuja kuwa kipimo cha ubora hakupata kumaliza mafunzo yake ya ufundi. Alikwenda Leeds akapata kazi kwa mtengenezaji wa zana, kwa mshahara wa shilingi 11 kwa juma la saa 54. Msomaji na aiweke hesabu hiyo akilini, kwani tutairudia.

Mwaka 1884, akiwa na akiba ya Paundi 20, Royce alifungua karakana ndogo katika mtaa wa Cooke Street, Manchester, pamoja na rafiki yake Ernest Claremont. Walianza na kengele za umeme za majumbani, kisha wakaingia katika dainamo na kreni za umeme. Mali yao ilijulikana kwa kudumu. Royce mwenyewe alijulikana kwa kusahau kula. Husimuliwa kwamba mvulana mmoja wa karakana alipewa kazi ya kumfuata huku na huko na bilauri ya maziwa, akingoja nafasi ya kumnywesha. Wasomaji akina mama watamjua mtu wa namna hii. Ni yule ambaye chakula chake hufunikwa kwa sahani saa moja ya jioni na kukutwa hapo hapo asubuhi.

Baada ya vita vya Makaburu kwisha mwaka 1902, biashara ya kreni ilidorora. Mwaka uliofuata Royce alikuwa amenunua motokaa ya Kifaransa, Decauville, iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Inasemekana kwamba siku ilipofika ilikataa kuwaka, ikasukumwa mpaka karakanani. Haikuwa motokaa mbaya kwa wakati wake. Lakini Royce hakuweza kukaa karibu na kitu kinachotetemeka, kinachovuja au kinachopiga kelele bila kukifungua. Aliifungua yote, akaipima sehemu baada ya sehemu, akatoa uamuzi kwamba yeye na vijana wake wangeweza kutengeneza iliyo bora zaidi.

Hapa niseme jambo moja ambalo wapenzi wa Royce hawapendi kulisikia: hakuvumbua motokaa, wala karibu chochote kilichokuwa ndani yake. Kipaji chake kilikuwa cha kukichukua kitu kilichokwisha kuvumbuliwa na mwingine na kukikataa mpaka kiwe sawa.

Tarehe 1 Aprili 1904 motokaa yake ya kwanza, yenye silinda mbili na nguvu za farasi 10, ilitoka Cooke Street ikaenda mpaka nyumbani kwake Knutsford. Zilitengenezwa tatu za namna hiyo. Moja alipewa Claremont, ambaye, kwa mujibu wa masimulizi, alikuwa akikodi gari la farasi limfuate nyuma asije akalala njiani. Hata Rolls-Royce ilikuwa na siku zake za kusukumwa.

Jina hilo lenyewe lilikuwa bado. Tarehe 4 Mei 1904, katika hoteli ya Midland mjini Manchester, Royce alikutanishwa na Charles Rolls, kijana wa miaka 26, mtoto wa lodi, aliyesoma uhandisi Cambridge na aliyekuwa akiuza motokaa za kigeni mjini London. Mtoto wa kinu na mtoto wa kasri walielewana kwa chakula cha mchana kimoja. Royce angetengeneza, Rolls angeuza. Kampuni yao iliandikishwa mwaka 1906. Lakini alikuwapo mtu wa tatu, ambaye jina lake halimo katika jina la kampuni na kwa hiyo husahauliwa: Claude Johnson, mshirika wa Rolls katika biashara, aliyepata kuwa katibu wa kwanza wa klabu ya wenye motokaa ya Uingereza, na aliyeandaa mashindano ya maili 1,000 ya mwaka 1900. Huyo ndiye atakayetupeleka barabarani.

UGONJWA WA SILINDA SITA

Matajiri wa wakati huo hawakutaka mwendo wa kasi tu. Walitaka ukimya. Walikuwa wamezoea magari ya farasi yenye springi laini, na motokaa za petroli ziliwatikisa meno. Dawa iliyojulikana ilikuwa kuongeza silinda. Injini ya silinda moja hupiga pigo moja kubwa, kisha hungoja, kama mtwangaji aliye peke yake kinuni. Wakiwa sita wakipokezana, mapigo hufuatana bila nafasi, na yale mavuto ya kwenda juu na kushuka chini hulipana yenyewe kwa yenyewe.

Hivyo ndivyo hesabu zilivyosema. Kampuni ya Napier iliitangulia wenzake kuuza injini ya silinda sita kwa mafanikio, na Royce akafuata mwaka 1905 kwa motokaa ya nguvu za farasi 30. Zilijengwa 37. Ndipo kranki zilipoanza kukatika.

Kranki, ndugu msomaji, ni ule mhimili uliopindwapindwa unaopokea msukumo wa pistoni na kuugeuza kuwa mzunguko. Katika injini ya silinda sita mhimili huo hauna budi kuwa mrefu. Chukua nguo iliyolowa uishike ncha mbili na kuikamua: hujipinda. Chuma nacho hujipinda, ingawa jicho halioni. Kila silinda inapowaka huukamua mhimili kidogo, kisha chuma hurudi mahali pake, hupita, hurudi tena. Kila mhimili una mwendo wake wa kurudi hivyo, kama vile kila bembea ilivyo na mwendo wake. Na kila mzazi anajua kwamba mtoto akiwa bembeani si lazima umsukume kwa nguvu; msukume taratibu kila anaporudi, naye atapanda mpaka mamaye apige kelele. Injini ikifikia mwendo fulani ambapo mapigo ya silinda yanakutana sawasawa na kurudi kwa chuma, mhimili huanza kupanda kama bembea hiyo. Kwanza husikika mngurumo. Muuzaji wa Napier, S. F. Edge, alikuwa mtu wa maneno, na mngurumo huo akaupa jina la sifa, kana kwamba ni sauti ya nguvu. Halafu hutokea ufa.

Siku ya tatu baada ya usiku ule wa Chalinze nilikwenda gereji kufuata mzigo wangu, nikamkuta fundi mzee ameweka vipande viwili vya kranki yetu juu ya meza. Aliniita nitazame. Uso wa mkato ulikuwa na sehemu mbili. Moja ilikuwa laini, nyeusi, yenye mistari kama mistari ya ganda la kome. Nyingine ilikuwa na chembechembe zinazong'aa kama sukari. "Hapa paling'aa juzi usiku," alisema akigusa zile chembe. Kisha akaweka kidole penye weusi. "Lakini hapa, mwanangu, pameanza zamani. Mmekuwa mkisafiri nalo."

Royce naye alitazama nyuso kama hizo. Angeweza kudhani kwamba dawa ni chuma kigumu zaidi, lakini ugumu wa chuma hauubadili mwendo wa bembea. Alichofanya ni kuunenepesha mhimili mpaka ule mwendo hatari ukapanda juu kuliko mwendo ambao injini ingefikia kazini. Katika injini ya farasi 30 silinda zilikuwa zimekalibiwa kwa jozi tatu. Katika injini mpya alizikalibu kwa mafungu mawili ya tatu tatu, fungu la mbele na la nyuma yakielekeana kama mtu na kivuli chake kiooni. Mhimili aliushika kwa beringi saba, yaani kila pistoni ilikuwa na mshikizo huku na huku. Akautoboa ndani kwa ndani, na mafuta yakasukumwa kwa pampu mpaka kwenye kila beringi, wakati ambapo watengenezaji wengi walikuwa bado wakitegemea mafuta yarushwe ovyo na miguu ya pistoni. Miaka michache baadaye aliongeza mbele ya mhimili kifaa cha kuunyima mtetemo nguvu kwa msuguano. Mhandisi Frederick Lanchester, aliyekuwa akipigana na ugonjwa huo huo katika magari yake mwenyewe, alikuwa na kifaa cha jamii hiyo, na wanahistoria wa magari bado hugombana kuhusu nani alimtangulia nani.

Injini hiyo ilikuwa na ukubwa wa sentimita za ujazo 7,036, na ilitoa nguvu za farasi zipatazo 48 tu. Leo kijimotokaa cha kwendea sokoni hutoa zaidi ya hizo kwa injini iliyo robo ya ukubwa huo. Lakini ile ya Royce ilizunguka polepole, mara 1,200 hivi kwa dakika, na haikujichosha. Motokaa iliyoibeba, yenye jina kavu la 40/50, ilionyeshwa London katika maonyesho ya Olympia mwezi Novemba 1906.

SHAHIDI ASIYELIPWA NA MUUZAJI

Sasa tuone tatizo lililomkabili Claude Johnson. Watu walikuwa wamesikia habari za silinda sita. Rolls angeweza kusimama mbele ya mnunuzi na kuapa kwamba injini hii ni nyingine kabisa, lakini muuzaji gani haapi? Johnson aliona kwamba hapana neno la kampuni litakaloaminiwa. Lililohitajika ni shahidi ambaye si wao, na jaribio refu kiasi kwamba gari bovu halingeweza kulificha ubovu wake.

Alichukua motokaa ya 12 ya aina hiyo. Akaamuru ipakwe rangi ya fedha, vyuma vyake vya nje vipambwe kwa fedha, na mbavuni iwekwe kibao chenye jina: Silver Ghost. Maana yake ni mzuka wa fedha, kwa kuwa ilipita bila kusikika. Namba yake ya usajili ilikuwa AX 201. Kisha akaikabidhi, kwa maana ya ushahidi, kwa Klabu ya Kifalme ya Motokaa. Msimamizi wa klabu angekaa ndani ya gari muda wote na kuandika kila kilichotokea: kila kituo, kila tone la petroli, kila nati iliyokazwa.

Fikiri hatari yake. Barabara za Uingereza mwaka 1907 hazikuwa na lami ila pachache. Zilikuwa za kokoto na vumbi, zilizotengenezwa kwa ajili ya kwato. Misumari ya farasi ilitoboa tairi kila mara. Motokaa kusimama njiani ilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba madereva walivaa nguo za kazi. Kama AX 201 ingevunjika kranki mbele ya shahidi, habari ingekuwa gazetini kesho yake, na kampuni ya mwaka mmoja isingeamka tena.

Mwezi Mei ilikwenda maili 2,000 za kwanza chini ya usimamizi. Mwezi Juni ikaingia mashindano ya uimara huko Scotland, milimani. Halafu, badala ya kurudi nyumbani na nishani, ikaendelea tu. London mpaka Glasgow, maili zipatazo 400. Glasgow mpaka London. Tena, na tena, usiku na mchana, mara 27. Walioshika usukani kwa zamu walikuwa wanne, nao Rolls na Johnson wenyewe wakiwamo. Siku ya Jumapili hawakuendesha, kwa kuwa Waingereza wa siku hizo waliiheshimu Jumapili hata katika biashara.

Kwa mujibu wa kanuni, kusimama kwa hiari, kama vile kutia petroli au kubadili tairi, hakukuhesabiwa. Kilichohesabiwa ni gari kusimama lenyewe. Nalo lilisimama mara moja. Baada ya maili 629 injini ilikohoa na kuzimika. Naweza kuwaona waliokuwa ndani wakitazamana. Wakatafuta, wakakuta kwamba mtikisiko wa barabara umekifunga kibomba cha petroli. Basi! Kilifunguliwa, injini ikawaka, na kituo chote kilichukua muda wa dakika moja. Tangu hapo AX 201 ilikwenda maili 14,371 bila kusimama tena kwa lazima. Hiyo ni zaidi ya nusu ya kuizunguka dunia.

Tarehe 8 Agosti 1907 maili 15,000 zilitimia. Hapo likaja jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko mwendo wenyewe. Johnson hakusema, "Mmeona?" na kufunga duka. Alitaka wahandisi wa klabu walifungue gari lote, sehemu kwa sehemu, wapime kila kilicholika, na kuandika kila kitakachohitaji kubadilishwa ili liwe kama jipya. Kranki haikuwa na kasoro. Vipuri vilivyohitajika vilikuwa vidogo vidogo, na hesabu yake iliyotangazwa ilikuwa Paundi 2, shilingi 2 na peni 7. Tairi hazimo katika hesabu hiyo, maana tairi za wakati ule zililiwa na barabara kama muwa.

Huo ulikuwa utangazaji wa biashara, na anayebisha hajui Johnson alikuwa mtu wa namna gani. Lakini ulikuwa utangazaji uliojifunga mikono. Siku hizo hizo, tarehe 28 na 29 Juni, S. F. Edge aliendesha Napier yake kwa saa 24 mfululizo katika uwanja mpya wa Brooklands, kwa wastani wa zaidi ya maili 65 kwa saa, na umati ukamshangilia, kwa haki. Kasi hushangiliwa. Kutovunjika hakushangiliwi, kwa kuwa hakuna kilichotokea cha kutazama.

Sasa turudi kwenye shilingi 11. Chasisi ya 40/50 peke yake, bila bodi, iliuzwa kwa karibu Paundi 1,000. Bodi mnunuzi aliiagiza mbali kwa waunda magari kama Barker au Hooper. Kijana aliyelipwa kama Royce alivyolipwa kule Leeds, kama asingekula wala kuvaa wala kulipa kodi ya chumba, angekusanya fedha hizo kwa karibu miaka 35. Waliomimina chuma cha zile silinda, waliokesha wakikwangua beringi kwa mkono mpaka zikae sawa, hawakuzipanda motokaa hizo ila siku ya kuzijaribu.

MASHINE YA KUTIKISA

Mwaka 1908 kazi ilihamia katika kiwanda kipya huko Derby, na kampuni ikaamua kutengeneza aina hiyo moja tu. Johnson aliona ni afadhali kujua jambo moja kikamilifu. Kila chasisi iliyotoka kiwandani iliendeshwa kwanza vilimani ikiwa tupu, dereva akikaa juu ya kiti kidogo kilichofungwa kwa muda, kabla ya kupelekwa kuvishwa bodi.

Lakini barabara, hata mbovu, ni mwalimu mwenye subira mno. Ndani ya kiwanda iliundwa mashine ya kuharakisha maovu yake. Chasisi iliwekwa magurudumu yake juu ya mapipa ya chuma yenye vifundo, mapipa yakazungushwa, na gari likarukaruka pale pale lilipofungwa, mchana kutwa. Udhaifu ambao barabarani ungejitokeza baada ya miaka ulijionyesha kwa siku chache. Springi ikikatika, ilichorwa upya. Kishikizo kikilegea, kilichorwa upya. Kwa fundi wa kwetu anayejua njia za masika, mashine hiyo haihitaji maelezo; sisi tunayo ya bure.

Mkuu wa majaribio alikuwa kijana Ernest Hives. Mwaka 1911 aliendesha 40/50 kutoka London mpaka Edinburgh na kurudi, gia ikiwa ile ya juu kabisa safari nzima, ikala galoni moja kwa kila maili 24.32. Kisha gari hilo hilo, bila kubadilishwa, likapelekwa Brooklands na kufikia maili 78.2 kwa saa. Maana yake ni kwamba lilikuwa na uwezo wa kwenda polepole kama bibi harusi na kukimbia pia, kwa gia moja.

Ila majivuno yana siku yake. Kampuni ilikuwa imeiondoa gia ya nne mwaka 1909, ikabakiza tatu, kwa kuwa wateja hawakupenda kubadilibadili. Mwaka 1912 mteja mmoja hodari, James Radley, aliingia na gari lake katika mashindano ya milima ya Alps huko Austria. Katika mwinuko wa Katschberg gari likagoma kuondoka likiwa na mzigo, na abiria hawakuwa na budi kushuka. Gari bora kuliko yote duniani, kama matangazo yalivyosema, limeteremsha watu mlimani! Derby hawakuandika barua ya kukanusha. Walirudisha gia nne, wakaongeza uwezo wa rejeta kupoza maji, wakajaribu upya, na mwaka 1913 wakarudi Alps na magari matatu ya kiwanda pamoja na la Radley. Mara hii milima ilipandwa bila mtu kushuka.

Chasisi hiyo hiyo ilikuja kuvishwa deraya katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na baadhi ya magari hayo ya kivita yalifika mpaka Afrika ya Mashariki, wakati Waingereza walipopigana na Wajerumani katika ardhi ambayo haikuwa yao wote wawili. Kwa hiyo mababu waliobebeshwa mizigo ya vita hivyo huenda walilisikia, au tuseme hawakulisikia, likipita.

Na wale watu watatu? Rolls alichoka na motokaa akageukia ndege. Tarehe 12 Julai 1910, huko Bournemouth, ndege yake ilivunjika mkia angani akafa, akiwa na umri wa miaka 32. Johnson aliendelea kuiongoza kampuni mpaka alipofariki mwaka 1926, na mwili wake ulikuwa umechoka. Royce aliugua sana mwaka 1911, ugonjwa ambao watu wake waliuhusisha na miaka ya kutokula na kutolala. Baada ya hapo hakufanya kazi tena Derby. Aliishi kusini ya Ufaransa wakati wa baridi, na katika pwani ya Uingereza wakati wa joto, akiwa na muuguzi wake na wachoraji wachache wa ramani za mitambo, na kila sehemu mpya ililetwa kwake aikatae kwanza. Ndoa yake haikudumu. Alipewa cheo cha heshima na mfalme mwaka 1930, lakini alipenda kujiita fundi makanika, akafariki mwezi Aprili 1933.

Motokaa za aina ya 40/50 zilitengenezwa kwa takriban miaka 20, zaidi ya 7,800 kwa jumla, nyingine zikijengwa Springfield, Marekani. AX 201 yenyewe haikuwekwa makumbusho baada ya jaribio. Iliuzwa mwaka uliofuata kwa mtu binafsi aliyeitumia kwa safari zake na jamaa zake, miaka nenda miaka rudi. Kampuni iliipata tena mwaka 1948. Ilikuwa imekwenda mamia ya maelfu ya maili.